Taulo Jekundu na Kreti Thelathini

Mimi kazini wananiita Mama Meza, na jina hilo nimelitolea jasho. Miaka kumi na tisa nimesimamia meza za kukusanyia nguo katika kiwanda cha kufulia, na hakuna shati lililopita pale bila mimi kujua ni la nani na linangoja nini. Nakwambia mapema ili usije ukadhani mimi ni mtu wa kubabaishwa.

Watu wengi wanadhani nguo ikishafuliwa kazi imekwisha. Wapi. Mteja analeta mfuko mmoja. Mapokezi wanaumwaga, kila nguo inapigwa lebo yenye namba ya mwenyewe, halafu nguo zinaachana: nyeupe huku, za rangi kule, mablanketi na mapazia kwenye mashine zao kubwa. Shati linatoka saa tatu asubuhi, suruali saa tano, na blanketi la mtu huyohuyo linajitokeza saa tisa alasiri. Zote zinasukumwa kwa toroli mpaka mezani kwetu. Sisi kazi yetu ni kukumbuka. Huyu alileta vipande saba, vimefika vinne, bado vitatu. Vikitimia unafunga furushi, unapeleka dirishani. Na nguo haziachi kuja. Hujawahi kuona siku umesimama pale ukasema leo zimeisha.

Tulikuwa na meza tatu. Namba ya mteja ikiishia na moja, mbili au tatu, nguo zake ni za meza ya kwanza. Nne, tano na sita, meza ya pili. Zilizobaki, meza ya tatu. Nini kimefika na nini bado, hayo tuliyaweka vichwani, na kichwa kikubwa kilikuwa changu. Wenzangu wakisahau wananiuliza mimi. Karatasi nilikuwa siitaki hata kuiona, mikono yetu ina maji kutwa nzima.

Sasa, nina binti mmoja tu. Anakaa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Aliniomba kitu kimoja, niwepo siku ya kujifungua. Siku ya mahafali yake ya chuo sikwenda. Mapazia ya hospitali nzima yaliletwa asubuhi ileile, nikasema nikitoka hapa patachafuka, nikabaki. Mwanangu hakununa, wala hajawahi kulitaja mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Safari hii nilikula kiapo. Mungu akipenda, nilimwambia, huyo mtoto akifungua macho ataniona mimi kabla ya baba yake.

Daktari alimpa tarehe, nikaomba likizo, bosi akakubali. Kisha, wiki mbili kabla ya kuondoka, zikaja hoteli mbili mpya na mashuka yao.

Bosi wetu ni mtu mpole, anabisha hodi hata kwenye ofisi yake mwenyewe akisikia nimo ndani. Alikuja mezani akiwa amekunja mikono nyuma. "Mama Meza," akasema, "nimenunua meza mbili zaidi na nimeajiri wanne. Utazipanga vipi, ni wewe."

"Kwani kuna kupanga?" nikamjibu. "Tarakimu ziko kumi, meza tano. Kila meza mbili mbili."

Jumatatu asubuhi, nguo zinakuja, nikapiga makofi nikatangaza. Moja na mbili, meza ya kwanza. Tatu na nne, ya pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Watu wakasogea, kazi ikaendelea bila kusimama hata dakika moja, na mimi nikajiona mjanja kweli.

Saa nane mchana akafika kocha wa timu ya mpira. Mechi yake ilikuwa saa kumi. Namba yake inaishia na tatu. Mwenzangu mmoja, tunayemwita Kifungo kwa sababu hajawahi kuruhusu shati litoke pale likiwa na kifungo pungufu, alikuwa meza ya pili. Akaangalia akasema, "Bado, kocha. Nina bukta kumi na moja, jezi hazijafika." Meza ya kwanza nao wakaulizwa, wakasema, "Sisi tuna jezi kumi na moja. Tunangoja bukta." Walikuwa wamepeana migongo, hatua moja kati yao, kila mmoja anangoja kwa uaminifu kabisa.

Jezi zilifika asubuhi kabla sijatangaza, zikabaki kwa meza ya zamani. Bukta zilifika baada ya tangazo, zikaenda meza mpya. Kocha mwenyewe ndiye aliyeona, akanyoosha kidole juu ya kaunta, "Samahani mama, ile si jezi yangu? Na hii si bukta yangu?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Na haikuwa ya kocha peke yake. Tulipoanza kupekua, kila meza ilikuwa na nusu nusu za watu. Mwalimu ana mashati, hana suruali. Fundi umeme ana soksi za kushoto, au ndivyo zilivyoonekana. Mafurushi yaliyofungwa toka nitangaze yalikuwa sita. Siku ya kawaida ni sabini. Nikarudisha meza tatu kwa hasira, jambo ambalo likavuruga hata yale machache yaliyokuwa yamekaa sawa, na mpaka tunafunga jioni nilikuwa sina sauti.

Kesho yake bosi akaja tena na mikono yake nyuma. "Mama Meza, kuhusu likizo," akasema, kisha akaangalia viatu vyake. "Unaona mwenyewe hali. Ukiondoka wewe, nani anajua nini kiko wapi?"

Nitasema ukweli, kwa sababu sina wa kumdanganya hapa. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa utamu. Bila mimi hawawezi. Cha pili kikaja nyuma yake: mwanangu, na kile kiapo. Nikaenda kukaa kwenye gunia la sabuni, nikampigia simu.

Binti yangu ana kazi ambayo miaka yote nilijifanya naielewa. Anaandika programu za kompyuta. Nilipomsimulia ya kocha, alicheka mpaka nikaogopa atajifungulia kwenye simu.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "unajua hiyo ndiyo kazi yangu?"

"Kufua?"

"Taarifa zinakuja hazikatiki, kama nguo zenu. Mashine kadhaa zinagawana, na kila mashine inakumbuka ya watu wake. Taarifa zikizidi tunaongeza mashine. Na yule anayeongeza mashine huku kazi inakimbia, bila kuhamisha kumbukumbu, anapata jezi huku na bukta kule. Hata mimi mwaka wa kwanza nilifanya hivyohivyo, ila sikuwa na kocha wa kunionyesha."

"Basi ninyi mnafanyaje?"

"Mlisimama kwanza?"

"Tusimame na nguo zinakuja?"

"Dakika chache, mama. Mnasimamisha mapokezi, mnaacha zilizo kwenye mashine zitoke zote zifike mezani. Mnaandika kila meza inakumbuka nini. Mnagawana upya kumbukumbu hizo pamoja na nguo zenyewe. Halafu mnafungua."

Nikamwambia hapo kwenye kuandika ndipo ananipoteza. Akajifanya hajasikia. Ana tabia ya mama yake.

"Na tarakimu ya mwisho achaneni nayo," akaendelea. "Una makreti pale?"

Makreti tunayo, ya plastiki, yalirundikana stoo toka enzi za bosi wa kwanza. Nilikwenda kuyahesabu nikiwa na simu sikioni. Thelathini.

"Basi kila mteja mpe kreti moja, hata kama wateja kadhaa watachangia hiyohiyo, na namba ya kreti iandikwe kwenye lebo yake. Kreti ya mteja haibadiliki milele. Kinachobadilika ni kreti ipi inakaa meza ipi. Mkiwa meza tatu, kila meza kreti kumi. Mkiwa tano, sita sita. Mnabeba kreti na vilivyomo, mnahamia. Jezi na bukta haziwezi kuachana, ziko chombo kimoja. Ila thelathini ndiyo mwisho wenu, mama. Mkifika meza ya thelathini na moja itabidi muanze upya, na mtalia."

"Tukifika meza thelathini na moja mimi nitakuwa nimeshazikwa."

"Usiseme hivyo, una mjukuu wa kuogesha," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Utakuja, mama?"

Nikamwambia nakuja. Nikakata simu haraka kabla sijaharibu sabuni ya watu kwa machozi.

Jumatano na Alhamisi tulifanya hiyo kazi. Kreti thelathini, kila moja na kadi za wateja wake ndani ya mfuko wa nailoni: mteja fulani, vipande kadhaa, vimefika hivi, bado hivi. Mimi nilikaa kwenye stuli natapika yote yaliyokuwa kichwani, na Kifungo anaandika. Anaandika polepole, anatoa ulimi pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila nikisema kitu anainuka kwenda kukitazama kwa macho.

"Daktari wa meno," nikasema, "anangoja shuka moja la bluu."

Kifungo akaenda, akarudi. "Shuka lipo. Kinachongojwa ni foronya."

"Haiwezekani."

"Mama, njoo uone."

Sikwenda. Mara ya pili nikasema mke wa fundi viatu ametimia, kumbe hajatimia. Mara ya tatu nikataja blanketi ambalo lilikwisha kuchukuliwa wiki iliyopita, na mwenyewe alilichukua mikononi mwangu. Kifungo akakata mstari kwenye kadi. Aliandika tu, ulimi nje. Nilimshukuru kwa kunyamaza, ingawa wakati ule nilitamani kumpiga na kreti. Miaka kumi na tisa nilikuwa naamini kichwa changu hakikosei, kwa sababu kila kilipokosea hapakuwa na mtu wa kunionyesha.

Ikabaki jambo moja. Tutajuaje nguo zote za nyuma zimekwisha kufika? Mashine ziko nyingi na kila moja ina mwendo wake. Mtu anaweza kuapa kuwa zimeisha, na nusu saa baadaye blanketi hilo linakuja. Hapo nilijikomboa kidogo, hili niliwaza mwenyewe. Mablanketi ndiyo yanayochelewa kuliko vyote. Basi mapokezi wakishafunga, mzigo wa mwisho kabisa wa mablanketi uingie na taulo jekundu. Tulikuwa nalo moja, halina mwenyewe, na halichuji rangi, nililijaribu zamani na soksi zangu. Taulo hilo likitokea kwenye toroli, ujue nyuma yake hakuna kitu. Simama, hesabu, andika.

Nilimpigia mwanangu kumweleza. "Mama, sisi pia tunapitisha alama kama hiyo kwenye mstari," akasema. "Ilichukua watu wenye shahada zao kuifikiria." Siku ile nilitembea nimeinua shingo kutoka kazini mpaka nyumbani.

Ijumaa saa tano mapokezi wakafunga. Wateja wawili walilalamika dirishani, bosi akaenda kuwapoza mwenyewe kwa ule upole wake. Sisi tukaendelea kupokea zilizobaki kwenye mashine: za nyeupe zikaisha, za rangi zikaisha, mashine zikaanza kunyamaza moja moja. Nimefanya kazi mle miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia feni ya ukutani. Siku ile niliisikia.

Saa sita na robo toroli likatokea, na juu ya mablanketi, taulo jekundu. Likasukumwa mpaka meza yangu. Nikachukua taulo nikalitupia begani. "Hesabuni," nikasema.

Wakahesabu. Kila kreti ikalinganishwa na kadi zake. Kosa moja tu, soksi ya mtu, na ikapatikana chini ya stuli yangu. Halafu watu wakabeba makreti. Moja mpaka sita huku, saba mpaka kumi na mbili kule, mpaka meza ya tano ikapata zake. Ulikuwa uhamaji wa kuchekesha, wanawake wazima tunapishana na makreti ya soksi za watu kichwani. Bosi naye akabeba moja, akaipeleka meza ambayo siyo, tukamrudisha. Mapokezi wakafungua. Tulikuwa tumesimama saa moja na nusu.

Saa tisa mafurushi yaliyofungwa yalikuwa arobaini. Mpaka tunafunga, themanini na nane. Kocha alikuja kuchukua taulo za wachezaji, akakuta furushi lake limeshafungwa linamngoja. Akalifungua palepale kaunta, akahesabu moja moja, jambo lililonitia hasira, kisha akalibeba begani akaondoka.

"Nenda, Mama Meza," bosi akaniambia jioni. "Kifungo atashika."

Nikavua aproni yangu nikaitundika kwenye msumari wake. Nikaaga. Na hapa kuna jambo nililolifanya ambalo sikumwambia mtu. Lile taulo jekundu lilikuwa bado begani. Sikulisahau. Wengine wangekwambia walisahau. Nililikunja vizuri nikalitia kwenye kikapu changu, chini ya nguo za mtoto, na mkono wangu ulijua unachofanya. Bila taulo hawatajua wakati wa kusimama. Bila kusimama hawawezi kubadilisha meza. Watanipigia. Na wakinipigia nitajua kwamba bado nipo.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri. Jumatatu saa nne asubuhi mwanangu akajifungua mtoto wa kike, mzima, ana hasira, kafanana na mimi mpaka mkwe wangu akaomba radhi kwa wauguzi. Nilikuwepo. Nilimshika mwanangu mkono saa zote zile, na alinibana mpaka pete ikaniachia alama. Mtoto alipofungua macho, kweli, wa kwanza kumwona alikuwa mimi. Baba yake alikuwa ameketi chini kwa kizunguzungu.

Jumatatu hiyo simu ya kazini haikulia. Jumanne nikaikagua kama ina chaji. Nikamwambia mkwe anipigie nione kama inaita, ikaita. Jumatano asubuhi nikamwogesha mjukuu, nikamfuta, nikamvalisha, nikaona basi, yatosha. Nikapiga mimi.

"Mambo yanaendaje?" nikamuuliza Kifungo.

"Vizuri, mama. Hongera ya mjukuu."

"Ahsante. Vizuri vipi?"

"Vizuri tu. Jumatatu mashuka yalikuwa mengi, tukaongeza meza ya ofisini zikawa sita, kreti tano tano. Leo wawili wanaumwa, tuko meza nne. Thelathini haigawanyiki kwa nne, meza mbili zimepata nane nane, basi wamenuna toka asubuhi."

Meza sita, kisha nne. Wamebadilisha mara mbili bila mimi. "Na taulo?" nikauliza, sauti nikiilegeza kama mtu asiyejali.

"Taulo hatukuliona. Tulijua umelichukua la mtoto."

"Sasa mnapitisha nini?"

Kifungo akakohoa kidogo. "Aproni yako, mama. Ile ya bluu, uliiacha msumarini. Tunaiingiza na blanketi la mwisho. Ikitokea tu kwenye toroli, watu wote wanaacha porojo wanashika kadi, hata kabla sijasema. Taulo lilikuwa halina ukali huo."

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Mwanangu akajivuta kitandani kuniangalia. "Kuna nini, mama?" Nikamweleza yote, mpaka lile la kikapu.

"Nilijua toka Jumapili," akasema. "Lina muhuri wa kiwanda pembeni. Nilikuwa nangoja uone aibu mwenyewe." Mtoto alikuwa amelala kifuani kwake, amefunikwa taulo jekundu mpaka shingoni.

"Mama, upo?" Kifungo alikuwa bado kwenye simu. "Bosi anauliza, unarudi Jumatatu kama ulivyosema?"

Nikamtazama mwanangu. Hakusema kitu, kama siku ile ya mahafali, ila safari hii alikuwa ameshika ncha ya gauni langu kwa vidole viwili.

"Mwambie bosi baada ya wiki tano," nikasema. "Na wewe, hiyo aproni mfuko wake wa kulia umechanika, utanaswa kwenye mashine. Ushoneni."